Akiba Inayooza: Uzima wa Betri na Masafa ya Gurudumu la Umeme

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Aliyeweka nafaka ghalani au fedha kibindoni alikuwa na matumaini ya kuikuta siku ya haja. Hata hivyo, teknolojia ya zama hizi imeleta akiba ya namna nyingine inayoikaidi hekima hiyo, nayo ni umeme unaohifadhiwa katika betri. Betri huoza ikitumika, na huoza vilevile ikiwekwa bila kutumika. Kila mwenye simu kuukuu anaujua ukweli huu. Simu ambayo zamani ilikaa na chaji siku mbili sasa haifiki jioni, na wakati mwingine huzima ghafla ilhali kioo chake kingali kinaonyesha asilimia 30.

Kwa mwenye simu, kuzima huko ni usumbufu tu. Kipo chombo, hata hivyo, ambacho mtu husimama juu yake akienda kwa kasi ya pikipiki, na ambacho hakiwezi kukaa wima pasipo umeme. Chombo hicho ni gurudumu moja linaloendeshwa kwa betri. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi betri ya gurudumu hilo inavyozeeka, namna uzee huo unavyopunguza masafa ya safari, na hatua zinazoweza kuchukuliwa ili kuuchelewesha. Hoja kuu ni kwamba uzee wa betri hula vitu viwili wala si kimoja. Hula kiasi cha umeme kinachoweza kuhifadhiwa, na hula pia uwezo wa betri wa kuutoa umeme huo kwa wingi pindi unapohitajika. Ni rahisi kulipima la kwanza. La pili ndilo humwangusha mtu.

Chombo na Jina Lake

Gurudumu linalozungumziwa hapa limefunikwa kwa ganda na lina vikanyagio viwili, kimoja kila upande. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio hivyo akitazama mbele, gurudumu likiwa katikati ya miguu yake. Hakuna usukani. Akitaka kwenda huegemea mbele kidogo. Akitaka kusimama huurudisha mwili nyuma. Chombo cha aina hii kilipata umaarufu kupitia Solowheel, kilichobuniwa na Shane Chen, mvumbuzi mzaliwa wa China aliyehamia Marekani, na kuingia sokoni mwaka 2011. Baadaye kampuni za China kama vile InMotion, KingSong na Begode zilikiendeleza kwa kukipa mota kubwa na betri kubwa zaidi. Leo hii hutumiwa na watu wanaokwenda kazini katika miji ya Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, na vilevile na wapenda safari za njia za vumbi.

Kiswahili bado hakijakipa chombo hiki jina lililozoeleka. Jina linalojitokeza kwanza ni "baiskeli ya gurudumu moja", lakini lina kasoro. Baiskeli humkumbusha msikilizaji pedali, mnyororo na usukani, vitu ambavyo chombo hiki hakina. Aidha, silabi ya kwanza ya neno hilo, katika lugha lilikotoka, hubeba maana ya "mbili". Ni kweli kwamba mzungumzaji wa Kiswahili haihisi tena maana hiyo, na ndiyo sababu husema "baiskeli ya magurudumu matatu" bila kusita. Hata hivyo, makala haya yatatumia jina "gurudumu la umeme", ambalo ni fupi na linasema kile hasa mtu anachokiona.

Istilahi nyingine nne zitahitajika. Nishati ni jumla ya kazi ambayo betri inaweza kuifanya kabla ya kuisha chaji, nayo hupimwa kwa wati-saa. Volteji ni msukumo wa umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni wingi wa umeme unaopita kwa wakati mmoja, nao hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni kizuizi ambacho umeme hukutana nacho njiani, nao hupimwa kwa omu. Kwa kutumia taswira ya ghala, nishati ni magunia yaliyomo ndani, ilhali ukinzani ni wembamba wa mlango. Ghala linaweza kuwa na magunia mengi, lakini mlango ukiwa mwembamba, watu wenye njaa nje hawatashiba kwa wakati.

Yaliyomo Ndani ya Betri

Magurudumu ya umeme hutumia betri za lithiamu, teknolojia iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991. Wanasayansi watatu waliouweka msingi wake, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri yenyewe si kitu kimoja bali ni mkusanyiko wa seli ndogo za mviringo zinazofanana na mawe ya tochi. Aina moja huitwa 18650, kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Nyingine huitwa 21700, yenye upana wa milimita 21 na urefu wa milimita 70.

Seli moja iliyojaa ina volti 4.2, wastani wake ni volti 3.6, ikikaribia kuisha hushuka hadi volti 3 au chini ya hapo. Volti hizo ni chache mno kuweza kumbeba mtu. Kwa hiyo seli hupangwa kwa mfuatano ili volteji zijumlishwe, na safu hizo huunganishwa sambamba ili kuongeza ujazo. Uchukuliwe mfano wa betri yenye seli 20 kwa mfuatano na 4 sambamba, yaani seli 80 kwa jumla. Ikijaa, itakuwa na volti 84. Iwapo kila seli ina ujazo wa ampea-saa 5, betri nzima itahifadhi wati-saa 1,440. Betri ya simu ya kawaida huhifadhi takriban wati-saa 15, kwa hiyo mtu aliyesimama juu ya gurudumu hilo amesimama juu ya nishati ya simu zipatazo 96. Wapo wakubwa zaidi: gurudumu la Sherman, lililotoka mwaka 2020, lilikuwa na betri ya volti 100.8 na wati-saa 3,200.

Ndani ya kila seli mna pande mbili. Upande mmoja una madini kama nikeli na kobalti. Upande wa pili una grafiti, jamii ya kile kiini cheusi cha penseli. Kati yao mna kimiminika kinachopitisha chembe za lithiamu zinazoitwa ioni. Betri inapochajiwa, ioni huvuka na kujipenyeza katika grafiti. Inapotumika, hurudi zilikotoka. Mwendo huu ni kama wa wanakijiji wanaovuka mto asubuhi kwenda shambani na kurudi jioni. Betri huzeeka kwa sababu si wote wanaorudi, na kwa sababu njia yenyewe huendelea kuota magugu.

Betri Inavyozeeka

Seli inapochajiwa kwa mara ya kwanza, kimiminika kilichomo hugusana na grafiti na kufanya utando mwembamba juu yake. Utando huo ni wa lazima, kwa kuwa huizuia grafiti isiendelee kukila kimiminika. Tatizo ni kwamba hauachi kukua. Kadiri unavyozidi kunenepa, ndivyo unavyozinasa ioni za lithiamu ambazo zingefanya kazi, na ndivyo unavyozidi kuwa kizuizi kwa zile zilizobaki. Hapa ndipo unapoonekana ule uharibifu wa namna mbili uliotajwa katika utangulizi: lithiamu iliyonaswa ni magunia yaliyopotea ghalani, na utando mnene ni mlango uliozibwa kiasi.

Ukuaji wa utando huu huchochewa na mambo matatu. La kwanza ni muda wenyewe. Gurudumu lililowekwa stoo mwaka mzima halikupata mkwaruzo, lakini betri yake imezeeka. La pili ni joto. Kwa makadirio yanayotumiwa katika kemia, athari nyingi huongeza kasi karibu maradufu joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. La tatu ni kiwango cha chaji. Seli iliyojaa kabisa imo katika hali ya mkazo, na utando hukua haraka zaidi kuliko katika seli iliyojaa nusu. Mambo haya yakikutana, madhara huongezeka. Gurudumu lililochajiwa hadi mwisho kisha likaachwa kwa wiki kadhaa ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani huzeeka kuliko lile ambalo limeendeshwa kila siku kwa uangalifu.

Matumizi nayo yana uzee wake. Grafiti hutanuka kidogo ioni zinapoingia na husinyaa zinapotoka. Baada ya mizunguko mamia, nyufa ndogo huanza kujitokeza. Watengenezaji wengi wa seli hutaja mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kikamilifu kabla ya ujazo kushuka hadi takriban asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Mzunguko mmoja si sawa na kuichomeka chaja mara moja. Anayetumia nusu ya betri leo na nusu kesho amemaliza mzunguko mmoja kwa siku mbili. Tena, mizunguko mifupi ya katikati, mathalan kutoka asilimia 80 hadi 40, huichosha betri kidogo kuliko safari za kutoka ukingo hadi ukingo.

Baridi pia ina hila yake. Ikiwa seli itachajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, ioni hushindwa kupenya katika grafiti kwa kasi inayotakiwa, na badala yake hujirundika juu yake kama madini. Lithiamu hiyo hupotea kwa kiasi kikubwa, na inaweza hata kuota miiba midogo inayohatarisha usalama wa seli. Jambo hili linawahusu waendeshaji wa nchi zenye majira ya theluji, ambao huingia nyumbani na gurudumu lililoganda na kulichomeka chaja papo hapo. Subira ya saa chache, hadi betri irudie joto la chumbani, huiepushia betri madhara hayo.

Hapa inafaa kuisahihisha imani iliyoenea hata miongoni mwa wasomi, kwamba ni vizuri kuiacha betri iishe kabisa kabla ya kuichaji tena. Imani hiyo ilikuwa na mantiki katika enzi za betri za nikeli na kadmiamu. Kwa betri za lithiamu, ni kinyume chake. Seli ikishuka mno na kuachwa hivyo kwa miezi, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na seli ya namna hiyo inaweza kuwa hatari inapochajiwa upya. Hivyo basi, anayeifuata desturi ya zamani kwa nia ya kuitunza betri ndiye anayeiharibu.

Masafa: Ahadi na Uhalisia

Masafa ni umbali ambao gurudumu linaweza kwenda kwa chaji moja. Ukokotoaji wake ni rahisi: nishati iliyomo hugawanywa kwa nishati inayoliwa na kila kilomita. Kwa mwendo wa wastani, gurudumu hula takriban wati-saa 20 kwa kilomita. Betri ya wati-saa 1,440 basi ingetosha kilomita 72. Mnunuzi, hata hivyo, hukuta kwenye tangazo masafa makubwa zaidi. Tofauti hiyo hutokana na mazingira ya upimaji: kwa kawaida mtengenezaji hupima kwa mtu mwepesi, barabara tambarare, hali ya hewa ya wastani na mwendo wa polepole usiobadilika.

Mwendo ndio mlaji mkuu. Nguvu ya hewa inayompinga mwendeshaji huongezeka kwa mraba wa kasi. Anayetoka kilomita 20 hadi kilomita 40 kwa saa hukutana na upinzani wa hewa mara nne, na kila kilomita humgharimu mara nne katika sehemu hiyo ya matumizi. Mtu aliyesimama wima ni tanga lililokunjuliwa, hivyo hasara yake ni kubwa kuliko ya aliyejikunyata juu ya baiskeli. Milima nayo hutoza kodi. Kuinua mzigo wa kilo 100, yaani mtu na gurudumu lake, kwa kimo cha mita 100 huhitaji wati-saa 27, kabla ya kuhesabu kinachopotea kama joto. Sehemu ya nishati hiyo hurudi betrini wakati wa kuteremka, kwani mota hugeuka kuwa jenereta anapofunga breki, lakini kamwe hairudi yote. Upepo, matope, hewa pungufu katika tairi na baridi huongeza matumizi zaidi.

Uzee Unapogeuka Hatari

Kufikia hapa msomaji anaweza kuuona uzee wa betri kama suala la kupunguza umbali tu: aliyekwenda kilomita 72 sasa aende 58, na mambo yaishie hapo. Hesabu hiyo ndiyo inayowadanganya watu, kwa sababu inalihesabu ghala na kuusahau mlango.

Gurudumu la umeme halina usawa wake lenyewe. Vihisi vilivyomo hupima mwinamo wa chombo mara nyingi katika kila sekunde, kisha mota huamriwa kuongeza au kupunguza kasi ili gurudumu libaki chini ya mwili wa mwendeshaji. Anapoegemea mbele, anaanza kuanguka. Mota humkimbilia na kumdaka. Safari nzima ni kuanguka kunakozuiwa bila kukoma. Iwapo mota itakosa nguvu kwa sekunde chache, hakuna cha kumdaka.

Nguvu ya mota hutegemea volteji. Kadiri gurudumu linavyozunguka kwa kasi, ndivyo mota yenyewe inavyozalisha volteji inayoipinga ile ya betri. Tofauti kati ya volteji hizo mbili ndiyo inayobaki kuwa akiba ya kumdaka mwendeshaji. Nayo betri, inapotoa mkondo mkubwa, volteji yake hushuka papo hapo kulingana na ukinzani wake wa ndani. Irudiwe ile betri ya seli 80 na ichukuliwe kuwa, ikiwa mpya, ina ukinzani wa omu 0.15. Mwendeshaji anapopanda mwinuko na mota ikavuta ampea 30, volteji itashuka kwa volti 4.5. Ikiwa chaji ni asilimia 20, volteji ya utulivu ni takriban 68, na hivyo zitabaki volti 63.5.

Sasa ichukuliwe betri iyo hiyo baada ya miaka kadhaa, ukinzani wake ukiwa umefika omu 0.30. Mkondo ule ule wa ampea 30 utaishusha volteji kwa volti 9. Ikiwa na asilimia 40 ya chaji, ambapo volteji ya utulivu ni takriban 72, zitabaki volti 63. Kwa maneno mengine, betri kuukuu yenye asilimia 40 inatenda kama betri mpya yenye asilimia 20. Kioo kinaonyesha karibu nusu ilhali miguu imesimama juu ya ukingo. Simu inayozima ghafla kwenye asilimia 30 hukumbwa na jambo hilo hilo.

Matokeo yake kwa masafa ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Iwapo mwendeshaji wa betri mpya huacha safari chaji inapofika asilimia 20, hutumia wati-saa 1,152 na kwenda takriban kilomita 58. Betri ikizeeka hadi asilimia 80 ya ujazo wake, na akalazimika kuacha kwenye asilimia 40 kwa sababu ya ukinzani, atatumia wati-saa 691 tu na kwenda takriban kilomita 35. Ghala limepoteza sehemu ya tano, lakini masafa salama yamepungua kwa sehemu mbili za tano.

Watengenezaji hawakulipuuza hili. Volteji inapokaribia mpaka, gurudumu hutoa mlio wa tahadhari, kisha huinua sehemu ya mbele ya vikanyagio ili kumlazimisha mwendeshaji kupunguza mwendo. Baadhi hushusha kasi ya juu inayoruhusiwa kadiri chaji inavyopungua. Hata hivyo, hatua hizi humsaidia mwenye kusikia. Anayekwenda kwa kasi ya juu, akagonga tuta au shimo na kudai mkondo mkubwa kwa mkupuo, anaweza kuanguka kabla ya tahadhari kumfikia. Baridi huzidisha hatari hiyo, kwa kuwa nayo huongeza ukinzani.

Ulinganisho na pikipiki ya umeme unalifafanua jambo hili zaidi. Nchini Kenya, ambako pikipiki hizo zimeingia katika kazi ya bodaboda, kampuni kama Ampersand na Spiro huwawezesha waendeshaji kubadilisha betri vituoni badala ya kungoja zichajiwe. Katika mpango wa namna hiyo, betri hupita mikononi mwa watu wengi, na mzigo wa uzee wake humwangukia mwenye kituo. Isitoshe, pikipiki iliyoishiwa nguvu mlimani hupunguza mwendo. Magurudumu yake mawili hayamtupi mtu kwa sababu hiyo. Mwenye gurudumu la umeme hana nafuu hizo mbili. Betri aliyoizeesha mwenyewe ndiyo itakayomshikilia.

Matunzo

Yaliyoelezwa yanatoa mwongozo ulio wazi. Kwa matumizi ya kila siku, yafaa betri ichajiwe hadi asilimia 80 au 90, na ijazwe kabisa pale tu safari ndefu inapokaribia. Hata hivyo, isipite muda mrefu bila kujazwa kikamilifu, kwa sababu saketi za magurudumu mengi husawazisha seli karibu na mwisho wa kuchaji. Seli zilizopangwa kwa mfuatano hazina usawa wa kudumu, na safu nzima hutegemea ile iliyo dhaifu kuliko zote. Gurudumu linalowekwa kwa miezi libaki na takriban nusu ya chaji, mahali pakavu na pasipo na joto, na likaguliwe mara kwa mara lisije likashuka mno.

Anayeishi juu ya kilima asianze safari ya kuteremka betri ikiwa imejaa pomoni. Breki hurudisha umeme betrini, na ghala lililojaa halina pa kuuweka. Gurudumu linaweza kutoa tahadhari na kuinua vikanyagio. Chaja iwe ile iliyokusudiwa kwa volteji ya chombo hicho. Kuchaji kusifanyike mtu akiwa usingizini wala gurudumu likiwa limeuziba mlango wa kutokea, kwani seli iliyoharibika inaweza kushika moto usiozimika kwa urahisi. Gurudumu lililozama majini lisichajiwe hadi lifunguliwe na fundi anayezijua betri hizi.

La muhimu zaidi ni kuupima uzee badala ya kuukisia. Mwendeshaji anaweza kuchagua njia moja anayoipitia mara kwa mara na kuandika chaji iliyotumika, pamoja na volteji ya chini kabisa aliyoiona katika programu ya simu alipokuwa akipanda mwinuko fulani. Miezi ikipita, daftari hilo litamwonyesha ghala linavyopungua na mlango unavyosinyaa, kila kimoja kwa namba zake. Anayenunua gurudumu lililotumika naye asiridhike na idadi ya kilomita. Aulize lilikuwa likiwekwa wapi na kwa chaji kiasi gani, atazame kama volteji za seli zinalingana pale programu inapozionyesha, kisha alijaribu mlimani chaji ikiwa ya wastani. Gurudumu lenye kilomita chache lililokaa miaka mitatu stoo likiwa limejaa linaweza kuwa na betri mbovu kuliko lililosafiri sana.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba asilimia inayosomeka kwenye kioo hujibu swali moja tu kati ya matatu. Husema ghala limejaa kiasi gani leo. Haisemi ghala lenyewe limebaki na ukubwa gani, wala mlango wake una upana gani. Ni jambo la kutia moyo kwamba Kiswahili cha kila siku tayari kina njia ya kuyatenga mambo haya. Msemaji husema "imeisha chaji" akimaanisha la kwanza, "haikai na chaji" akimaanisha la pili, na "betri imechoka" anapoona kifaa kinashindwa kazi ilhali bado kina chaji. Wanaobuni istilahi za teknolojia wangefanya vyema kuanzia katika semi hizo kabla ya kuunda maneno mapya, maana zimebeba tofauti ambayo kioo cha mtengenezaji hakiionyeshi.

Kwa mwendeshaji, tofauti hiyo si ya kiisimu. Anayesema tu kwamba gurudumu lake "bado lina chaji" ataendelea na kasi yake ya siku zote hadi siku mlima utakapodai zaidi ya kile ambacho mlango unaweza kupitisha. Anayejua kwamba betri yake imechoka atapunguza mwendo, atageuza safari mapema na, wakati ukifika, atabadilisha betri. Akiba hii huoza, na hakuna namna ya kuizuia isioze. Mwenye kuitunza huchelewesha kuoza huko, na mwenye kuipima huujua mwisho wake kabla haujamkuta barabarani.